Nirudishieni Shuka Nililofia

Nyumba yenye geti la kijani,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.

Kwa Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Barua,

KUHUSU: KUWAOMBA WANANCHI WOTE, BILA KUJALI UMRI WALA CHEO, WASAIDIE KUTAFUTA MALI YA SINEMA ILIYOIBWA SEBULENI KWANGU

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote unaofanya nao kazi. Mimi ni mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo. Kwa miaka thelathini na moja nilizunguka masokoni nikikagua mawe ya mizani ya watu, na sikumwonea mtu hata kwa gramu moja. Nayasema haya ili ujue kwamba mwenye barua hii si mtu wa kutia chumvi. Hata hivyo, mtaani hakuna anayenijua kwa kazi hiyo. Naitwa Marehemu.

Jina hilo nililipata kwa halali. Miaka thelathini na sita iliyopita watu wa sinema walikuja mjini kwetu na magari matatu, wakaifunga barabara ya sokoni kwa siku mbili, wakawa wanatafuta mtu wa kulala chini awe maiti. Walijaribu watu saba. Mmoja alicheka, mmoja alipiga chafya, mmoja alisinzia kweli akakoroma. Mimi nilikuwa napita zangu na mkoba wa mawe ya kupimia. Nikaombwa, nikalala. Mwongozaji akasema mbele ya mashahidi, "Huyu amekufa vizuri." Katika filamu hiyo naonekana kwa sekunde kumi na moja, na mwishoni majina yanapopanda nimeandikwa "Maiti wa Pili". Jina la filamu silitaji, kwa kuwa wezi nao husoma magazeti.

Walipomaliza kazi walitaka kutupa baadhi ya vitu. Nikaviomba, wakanipa. Nikavipanga sebuleni katika kabati la vioo, na tangu siku hiyo kila mgeni aliyeingia kwetu ameoneshwa, amesimuliwa, na kama ana muda, ameoneshwa kwa vitendo: mimi navaa koti, naanguka, mke wangu anatoka jikoni anapiga magoti na kunililia, kama ilivyokuwa siku ile. Kitabu cha wageni kina majina mia mbili na kumi na mawili. Baadhi ni ya mtu mmoja aliyekuja mara nyingi kusoma mita ya maji, lakini hilo si kosa langu.

Sasa, Ndugu Mhariri, vitu hivyo vimeibwa vyote. Viliibwa katika siku tisa nilizolazwa hospitali kwa jambo dogo la moyo ambalo halihusiani na barua hii. Kwa kuwa mkono wangu wa kulia bado mzito, namtamkia mke wangu naye anaandika. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwandiko wake utausoma bila taabu. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Koti. Ni la kijivu, lina matundu matatu ya risasi kifuani, yaliyotobolewa kwa sigara na mama mtunza mavazi wa sinema. Kwa miaka mingi fundi cherehani wa pale kona amekuwa akinisumbua: "Mzee, niletee hilo koti nikuzibie, unatutia aibu mtaa mzima." Nikamweleza mara nyingi kwamba kuziba tundu la risasi ni kuharibu ushahidi. Juzi nilipopita dukani kwake alinisalimia kwanza, "Pole na kuugua, mzee wangu," kisha akainamia kitambaa chake. Huyu mtu hajawahi kunisalimia kwanza tangu tujuane. Nilisimama mlangoni kwa dakika ishirini nikimtazama anavyoshona. Alijichoma sindano mara mbili. Simtuhumu. Nataka tu wananchi wajue kwamba alijichoma mara mbili.

2. Shuka. Hili ndilo nililofunikwa nilipokwisha kufa, na ndilo nilifialo mpaka leo kila wageni wakija. Lina doa la damu upande wa kushoto, damu yenyewe ikiwa ni asali iliyochanganywa na rangi nyekundu ya kupikia. Kwa sababu ya asali hiyo sisimizi wawili walinipanda shavuni kamera ikiwa inazunguka, na mmoja aliingia puani. Sikutikisika. Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi na sisimizi wa kwanza anaonekana wazi, ndiye aliyeigiza vizuri kuliko mimi. Shuka halijafuliwa kwa miaka thelathini na sita, ingawa mke wangu ameniomba ruhusa ya kulifua kila mwaka. Nawaomba wananchi wote wanaoanika mashuka wayaanike upande wenye madoa ukiwa umeelekea barabarani, ili tuweze kukagua bila kuwasumbua majumbani.

3. Bastola ya mti iliyoniua. Kuhusu hii nilikwenda kituo cha polisi, na hapo ndipo lilipozaliwa lalamiko jipya. Askari wa mapokezi alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniuliza jina, nikamwambia lile ninalojulikana nalo. Akaniuliza kilichoibwa, nikasema bastola. Akasimama. Akauliza kama bastola hiyo imewahi kutumika katika tukio lolote, nami, kama mtu niliyeapa kusema kweli maisha yangu yote, nikajibu kwamba ndiyo, imeua mtu mmoja. "Nani?" Nikasema, "Mimi." Aliyaandika yote kama nilivyomweleza. Maelezo yangu yanaanza hivi: "Marehemu amefika kituoni mwenyewe akilalamika kwamba silaha iliyomuua imepotea." Jalada lilipofika kwa mkubwa wake likapelekwa chumba cha maiti, na wiki iliyopita mtu wa huko alinipigia simu, akauliza kwa upole ndugu zangu wanakuja lini kunichukua. Nalalamika, lakini nakiri kwamba alikuwa na sauti ya heshima sana.

4. Maiti wa Kwanza. Watu wengi hawajui kwamba palikuwa na mwingine. Ni muuza nyama wa soko la juu. Katika filamu anaonekana kwa sekunde nne tu, na katika sekunde ya tatu anapumua. Nimewaonesha watu, nimesimamisha picha hapohapo, tumbo linapanda. Yeye husema ni upepo. Mtu wa namna hii ana kila sababu ya kunionea wivu. Nilikwenda kumhoji buchani mbele ya wateja wake, nikiwa mpole, nimeshika fimbo kwa sababu za kiafya tu. Akanijibu, "Mimi nashinda na maiti wa kweli tangu asubuhi, nitataka nini na vya kwako?" Nililiona jibu hilo kuwa limeandaliwa mapema. Kisha akanifungia mifupa ya supu bila kuniomba chochote, akasema nile nipate nguvu. Nimeihifadhi kama kielelezo. (Mke wangu anasema tumekwisha kuila jana.)

5. Lalamiko hili lilimhusu shemeji yangu, dada yake mke wangu. Mwandishi wangu ameweka kalamu chini na kukunja mikono mpaka niliondoe. Nimeliondoa.

6. Namna wizi ulivyofanyika. Ndugu Mhariri, hapa ndipo nilipoogopa. Mlango haukuvunjwa. Televisheni haikuguswa, redio haikuguswa, hata saa yangu ya ukutani ilikuwepo na mtu alikuwa ameitia betri mpya. Mwizi alichukua vitu vya sinema peke yake, pamoja na kile kibao cheusi na cheupe kinachogongwa "kwa!" kabla ya kuigiza, kisha akapangusa vumbi kwenye rafu, akasafisha vioo, akafunga kabati na kuurudisha ufunguo mahali pake pa siku zote, ndani ya birika bovu. Nimewauliza majirani wa pande zote mbili na wote wanasema hawakumwona mtu yeyote mgeni. Haya si matendo ya kibaka wa kuruka ukuta. Huu ni mtandao mkubwa, wenye mafunzo na usafi wa hali ya juu, na sitashangaa nikiambiwa una ofisi nje ya nchi. Nilimwambia mke wangu atahadhari, kwamba watu hawa huenda wakarudi. Akasema hadhani.

7. Picha. Hili ndilo la mwisho na ningependa lisipunguzwe maneno.

Siku ile ya sinema, baada ya mimi kulala, walitafuta mwanamke wa kunililia. Wakamwona mwalimu mmoja kijana aliyekuja sokoni kununua chaki, wakamwuliza kama anaweza kulia. Akasema ana watoto hamsini na wanane darasani, kulia anakujua. Mimi nilikuwa nimefumba macho na nimeamriwa nisiyafumbue, kwa hiyo nilimsikia kabla ya kumwona. Alirudia kulia mara kumi na nne, kwa sababu mara taa, mara gari la taka lilipita, mara mbuzi. Mara ya kumi na nne haikuwa na tofauti na ya kwanza, alilia kama vile nilikuwa mtu wake. Katika mara ya tisa chozi lake liliniingia sikioni. Sikuweza kulifuta. Nililala pale na maji ya moto sikioni, nikajiambia kwamba nikifufuka nitamtafuta mwenye chozi hili, na kama ni mzee au ameolewa basi, lakini nitamtafuta.

Walipogonga kibao cha mwisho nikafumbua macho. Akashtuka, akasema, "Kumbe upo!" Hayo ndiyo maneno ya kwanza mke wangu aliyoniambia duniani.

Mpiga picha wa sinema alitupiga picha moja, mimi nimekufa, yeye analia, mkono wake uko kifuani kwangu karibu na tundu la katikati. Picha za harusi yetu ziliungua studio kabla hatujazichukua, kwa hiyo hiyo ndiyo picha yetu ya ujana pekee. Mimi sijawahi kuuona uso wake ukinililia siku ile ila katika picha hiyo, kwani katika filamu anaonekana kwa mgongo. Mwizi abaki na bastola. Abaki na kile kibao. Hata koti, nikibanwa sana, nitasamehe. Lakini hiyo picha haina maana kwa mtu mwingine yeyote, na kila asubuhi naamka naikuta rafu iliyofutwa vumbi.

(Mwandishi wangu ameomba tupumzike kidogo. Tumepumzika. Tunaendelea.)

Kwa kuwa serikali ina shughuli nyingi, naomba gazeti lako liwaombe wananchi wafanye mambo yafuatayo, ambayo hayatawachukua zaidi ya Jumamosi moja.

Kila kaya ijipekue yenyewe, kuanzia chini ya vitanda. Wenye nyumba wawapekue wapangaji, na wapangaji wawapekue wenye nyumba, kwa zamu na kwa heshima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, kwa hiyo makabati ya nguo yafunguliwe yote kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi. Mtu yeyote mwenye koti lenye tundu aeleze limetokana na nini, na mwenye matundu matatu asitoke mjini. Walimu wawape wanafunzi zoezi la kuchora bastola waliyoiona nyumbani, na zile zinazofanana na yangu (nimeambatanisha mchoro) ziletwe kwangu pamoja na wazazi.

Aidha, kwa kuwa mwizi bila shaka anafanya mazoezi ya kuigiza kwa vifaa vyangu, naomba mtu yeyote anayeonekana amelala chini mahali popote achunguzwe kabla ya kusaidiwa. Akiwa anapumua tumbo likapanda, huyo si mwizi, huyo ni wa daraja la muuza nyama. Akiwa hatikisiki kabisa, naomba niitwe mimi kwanza, ndipo aitwe daktari.

Tena, wageni wote mia mbili na kumi na wawili waliowahi kusaini kitabu changu warudi kujieleza, kwa maana mtu hawezi kuiba kitu asichokijua thamani yake. Wale ambao hawajawahi kuja kwetu hata mara moja nawahesabu kuwa hawana hatia, ingawa nao ningependa kujua kwa nini hawakuja. Na msemo unasema za mwizi ni arobaini. Kwa hesabu yangu leo ni siku ya ishirini na sita tangu wizi ufanyike. Zimebaki kumi na nne tu, kwa hiyo nawasihi wananchi waharakishe, tusije tukapitisha muda.

Atakayemleta mwizi nitamzawadia heshima ya kuwa mgeni wa kwanza kusaini kitabu kipya. Atakayeleta picha peke yake sitamwuliza neno. Aiweke tu pale getini, abishe hodi, aende zake.

Nisalimie wapiga chapa, wasahihishaji, na yule dada anayepokea simu hapo ofisini kwako, ambaye nimemwendea hewani mara tisa na bado ananijibu kwa subira. Msalimie pia fundi wa kona ukipata nafasi, na muuza nyama, na askari kijana, umwambie jalada langu lisifungwe kwani naendelea vizuri. Hata mwizi naomba asalimiwe. Huenda ana wazazi.

Wako katika kutafuta haki, mpaka ipatikane au niishe mimi,

Marehemu
(Maiti wa Pili, Mkaguzi Mstaafu wa Mizani na Vipimo)
Sahihi nimeitia mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

NYONGEZA, kwa mkono uleule lakini si kwa mdomo uleule

Ndugu Mhariri, ni mimi mke wake. Ametoka kwenda kununua bahasha. Siku hizi anatembea polepole, kwa hiyo nina muda kidogo. Mwizi ni mimi.

Siku aliyoanguka tulikuwa na wageni watatu, walimu wenzangu wa zamani. Alivaa koti, akawasimulia habari za sisimizi, akaanguka kama ilivyo kawaida yake. Nilikuwa jikoni naosha vikombe. Nikasikia kishindo, nikajifuta mikono, nikatoka, nikapiga magoti, nikamlilia kilio changu cha siku zote, na vituo vyake vyote, bila kuruka hata kimoja. Wageni walipiga makofi. Nilipomaliza nikainama nimwambie ainuke, chai inapoa. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi na umelowa.

Yeye hajui. Hukaa na watu akawaeleza jinsi mkewe alivyomwahi. Daktari alisema kwamba tulimfikisha kwa kubahatisha, na kwamba dakika zile chache zilikuwa na maana. Mimi zile dakika nilizitumia kulia. Nimekaa na mtu huyu miaka thelathini na tano, najua anavyopumua akiwa anaota na anavyopumua akiwa anajifanya amelala ili asifungue geti, na siku aliyokuwa anakufa kweli nilimlilia kilio cha uongo.

Siku ya nne wodini alianza kusema. Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba sasa ataigiza vizuri zaidi, maana ameona ilivyo. Nikarudi nyumbani mchana huohuo nikatoa kila kitu kabatini. Nilitaka kukichoma. Nilipiga kiberiti mara tatu, mara zote kikazimika, au nilikizima mwenyewe, sikumbuki vizuri. Vitu viko salama na shuka nimelifua. Picha ninayo mkobani, hata sasa ninapoandika. Nitamrudishia hiyo peke yake, nikishajua nitamwambia nini.

Fundi wa kona na muuza nyama nimekwisha kuwaomba radhi. Walikuwa wanajua tangu mwanzo.

Nilipanga kuichana barua hii. Lakini tangu aanze kunitamkia malalamiko, mume wangu amerudi kula sahani nzima. Anaamka mapema, anapiga simu, anagombana na watu, anakaa wima kutwa. Hajalala chini hata mara moja. Anasema bila koti na shuka hawezi, itakuwa ni kuwadanganya wageni. Kwa hiyo nakuomba uichapishe, na wananchi watafute. Hawatapata kitu, ila wakipita wamsalimie, anapenda watu.

Haya yangu usiyachape, hata nafasi ikiwepo. Ya kwake yaache yote.